Pafu si pweza

Baba mdogo anauza samaki pale Deep Sea, Tanga, tangu mimi sijazaliwa, na mpaka leo hajaelewa vizuri kazi ninayoifanya huku Canada. Anajua niko hospitali na kwamba nafanya kazi usiku, basi. Siku nilipomwambia kwenye simu kwamba nimekesha nikisubiri kasha la barafu lenye mapafu mawili ya binadamu, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Hiyo barafu mmeiponda?"

Nilicheka, nikaomba radhi kwa kucheka, halafu nikaona kwamba kati ya wote niliowahi kuwasimulia kazi yangu, huyu ndiye wa kwanza kuuliza swali la maana. Wengine huuliza kama siogopi. Yeye aliuliza habari ya barafu kwa sababu maisha yake yote yamekuwa hesabu ya barafu: kiasi gani, ya mabonge au iliyopondwa, imegusa nyama au haikugusa, na jua limeshapanda kiasi gani.

"Tumeiponda, baba mdogo."

"Na hayo mapafu yamelala juu yake hivihivi?"

"Hapana. Yako ndani ya mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na ndani kuna maji ya baridi. Barafu inabaki nje."

"Hapo sawa. Mabonge yakimbana changu, ubavu wote unachubuka."

Mimi ni muuguzi wa thieta. Simpasui mtu. Kazi yangu ni vifaa, kumbukumbu, saa, na kuhesabu vitambaa ili kisibaki hata kimoja kifuani mwa mgonjwa. Lakini mtu anayeshika saa hujifunza mambo, na katika upandikizaji wa mapafu saa ndiyo iliyokuwa inatutawala sote, kuanzia daktari bingwa hadi dereva. Pafu likishatolewa kwa mtu aliyefariki, kwa miaka mingi tulihesabu saa 6, pengine 8, liwe limeshaunganishwa kwa mgonjwa anayelisubiri. Zikizidi hapo, kila mtu chumbani anaanza kuongea kwa sauti ya chini.

Nyumbani kwetu pweza alikuwa lazima apigwe. Unampiga kwenye jiwe mpaka mkono unakufa ganzi, ndipo aingie kwenye mchuzi wa nazi. Tuliponunua friza, mama akagundua kwamba pweza akigandishwa usiku mmoja, kipigo hahitaji. Maji yaliyo ndani ya nyama yakiganda huwa vijiwe vyenye ncha, vinapasua nyama toka ndani, na akiyeyuka anakuja laini mwenyewe. Kwa mpishi hiyo ni neema. Pafu likifanyiwa hivyo limekwisha. Mapafu yetu yana vifuko vya hewa vinavyofika milioni 300 na zaidi, na ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko ngozi yoyote unayoweza kuifikiria. Kijiwe kimoja cha barafu hapo ni sawa na msumari kwenye puto.

Kwa hiyo hakuna anayetaka kuligandisha. Tunachotaka ni kulipoza. Na hapa ndipo tofauti kati ya kazi ya baba mdogo na yangu inapoanza, japo kasha ni lilelile. Changu wake amekwisha kufa. Barafu inawachelewesha wadudu wa kuozesha. Pafu lililomo kasha langu liko hai. Halipati damu, mwenyewe amekwenda, lakini seli zake zinapumua, zinakula, zinachafua. Baridi inazifanya zipunguze kula. Kila joto linaposhuka nyuzi 10, kazi ya seli hupungua kwa karibu nusu, pengine zaidi.

Ukisimamia hapo tu, utasema: kadiri baridi inavyozidi ndivyo heri inavyozidi. Ndivyo wengi walivyoamini.

Lakini chukua ngalawa. Kila ngalawa inavuja, na ndiyo maana kuna kijana wa kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Yeye akifanya kazi yake, safari inaendelea na wala hakuna anayemkumbuka. Seli nayo inavuja. Sodiamu inataka kuingia, potasiamu inataka kutoka, na kwenye ukuta wake kuna pampu ndogo zinazorudisha kila kimoja mahali pake usiku na mchana, na pampu hizo zinakula sehemu kubwa ya nguvu za seli. Ukiipoza seli, matundu yanapungua kuvuja kidogo tu, lakini yule kijana anakufa ganzi mikono. Karibu na nyuzi 0 anakaribia kusimama kabisa. Sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Baridi inayoipunguzia njaa ndiyo hiyohiyo inayoizamisha.

Na hasara kubwa haionekani pafu likiwa ndani ya kasha. Inaonekana damu ikirudi. Ndani ya seli iliyokaa bila damu kuna taka zinazojilimbikiza, mojawapo huitwa saksineti. Damu ya moto yenye oksijeni ikifunguliwa ghafla, mitokondria, yaani majiko ya seli, inaichoma saksineti hiyo yote kwa pupa, na cheche zinazoruka ni oksijeni kali inayounguza kuta za seli zenyewe. Kuta zikiungua, mishipa inavuja. Seli nyeupe za damu zinakuja mbio zikidhani kuna vita, zinaongeza moto. Vifuko vya hewa vinajaa maji.

Nimeliona hilo. Ilikuwa zamani, hospitali nyingine, sitaitaja. Pafu lilikuja zuri, jekundu hafifu, laini kama sifongo. Liliunganishwa vizuri, kila kitu kwa wakati, na sote tukaanza kulegea. Baada ya muda mfupi, povu la rangi ya waridi likaanza kupanda kwenye mrija wa kupumulia. Aliyekuwa anauvuta kwa mashine ya kunyonya akavuta, likapanda tena. Mgonjwa alitoka thieta akiwa amefungwa kwenye mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili. Madaktari wana kipimo chake: wanaangalia picha ya kifua na oksijeni ya kwenye damu ndani ya saa 72 za kwanza, wanatoa daraja kutoka 0 hadi 3. Oksijeni ya damu ikigawanywa kwa sehemu ya oksijeni anayopewa, na jibu likawa chini ya 200 huku picha ikiwa nyeupe, hiyo ni daraja la 3. Kwa mtu mzima wa kawaida jibu hupita 400. Yule mgonjwa alikuwa daraja la 3 siku tatu mfululizo.

Mwishowe alitoka hospitali, kwa miguu yake. Nalisema mapema kwa sababu najua wasomaji wangu mtaniandikia kuuliza.

Kilichonikaa kichwani ni karatasi ya kumbukumbu niliyoijaza mwenyewe usiku ule. Kwenye nafasi ya joto la kuhifadhia niliandika "4" kama tulivyokuwa tunaandika siku zote. Hakuna aliyeweka kipimajoto ndani ya kasha. Barafu inayoyeyuka ina nyuzi 0, kila mtoto wa darasa la sita anajua. Mfuko uliozungukwa na barafu kwa saa 5 au 6 hauna sababu ya kukaa kwenye 4, unaifuata barafu. Ile 4 ilikuwa namba ya jokofu. Tuliiandika kwa sababu waliotutangulia waliiandika.

Nilianza kusoma. Si kwa mpangilio, ni usiku wa kusubiri simu, kikombe cha chai pembeni.

Pafu la kwanza kupandikizwa kwa binadamu lilishonwa na daktari James Hardy, huko Jackson, Mississippi, Marekani, tarehe 11 Juni 1963. Mgonjwa aliishi siku 18. Kwa miaka 20 iliyofuata walijaribu karibu mara 40 sehemu mbalimbali za dunia, na aliyeishi muda mrefu zaidi hakufikisha mwaka. Hapo baridi haikuwa tatizo kuu. Mwili ulikuwa unalikataa pafu, na pale bomba la hewa liliposhonwa palikuwa panafumuka. Mwaka 1983, Toronto, timu ya Joel Cooper ikampandikiza mtu pafu moja, naye akaishi zaidi ya miaka 6. Kuanzia hapo ikawa kazi, si bahati nasibu tena. Na kazi ikishakuwa kazi, ndipo watu wanapopata nafasi ya kujiuliza habari ya kasha.

Walichokuta ni kwamba pafu limekuwa likivaa nguo za figo. Mwaka 1969 Geoffrey Collins na wenzake walionyesha kwamba figo ya mbwa ikioshwa kwa maji maalumu na kuwekwa kwenye barafu inaweza kukaa muda wa saa 30. Maji yale yalikuwa na potasiamu nyingi, kuiga hali ya ndani ya seli, ili kusiwe na tofauti ya kuifanya ivuje. Kwa figo yalifaa. Wakayarekebisha kidogo, yakaitwa Euro-Collins, wakayamimina kwenye mapafu. Potasiamu ilikuwa karibu 115 kwa kipimo ambacho damu yako sasa hivi ina kama 4. Mishipa ya pafu ikionja potasiamu ya namna hiyo inajikunja kama jongoo. Sasa unataka kuliosha pafu zima, kila kona, kwa maji yanayofunga mabomba! Ikabidi kwanza wachome dawa ya kutanua mishipa, kisha wamimine maji ya kuibana.

Waliotengua hilo, wakiwemo Shaf Keshavjee na timu ya Toronto mwaka 1989 kwa majaribio ya mbwa, walipunguza potasiamu ikawa ndogo, wakaongeza dekstrani. Dekstrani ni aina ya sukari ndefu, nzito, ambayo haipenyi kirahisi kwenye ukuta wa mshipa, kwa hiyo inayashika maji yabaki ndani ya mshipa yasiende kuvimbisha nyama. Vilevile inazuia chembe za damu zisigandane. Waliweza kulihifadhi pafu muda wa saa 12. Maji tunayotumia leo ni wajukuu wa yale. Yanamiminwa lita kadhaa kwa njia ya mshipa unaoingia, kisha mengine yanarudishwa kinyumenyume kwa njia ya mishipa inayotoka, na hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda kuitazama: vinatoka vipande vya damu iliyoganda ambavyo ya kwanza haikuvigusa.

Basi nguo zikabadilishwa, lakini joto lilibaki la jokofu. Na hapa nina kinyongo kidogo na taaluma yetu. Mwaka 1992 Hiroshi Date, akiwa St. Louis na timu ya Cooper huyohuyo, alilinganisha mapafu ya mbwa yaliyowekwa nyuzi 4 na yaliyowekwa nyuzi 10. Ya nyuzi 10 yalifanya kazi vizuri zaidi. Imechapishwa, jina la makala lenyewe linatamka jibu, mtu hahitaji hata kuifungua. Kisha dunia ikaendelea kununua barafu kwa miaka karibu 30.

Najua sababu. Barafu ni rahisi, iko kila mahali, haiharibiki betri, na haihitaji fundi. Kasha la nyuzi 10 zisizopanda wala kushuka ni mashine, na mwaka 1992 hakuna aliyetaka kupanda ndege na mashine. Sababu ninazielewa. Kinachoniudhi ni kwamba tuliacha kusema "tunatumia barafu kwa sababu ni rahisi" tukaanza kusema "joto sahihi ni 4".

Nilipomsimulia mama habari ya nyuzi 10, alisema, "Kama ndizi." Mama ana ugomvi wa siku nyingi na wageni wanaotia ndizi kwenye friji. Maganda yanakuwa meusi, na ndizi iliyokuwa mbichi haiivi tena hata ukiitoa. Ndizi ni mmea wa nchi za joto. Seli zake zinaumia kwa baridi kabla hata ya barafu kutokea, na wasafirishaji husafirisha ndizi kwenye nyuzi kama 13. Pafu si ndizi, lakini mama hakukosea sana.

Mwaka 2021 watu wa Toronto walilirudia swali kwa nguruwe. Waliyaweka mapafu muda wa saa 36, mengine nyuzi 4, mengine nyuzi 10. Siku moja na nusu! Ya nyuzi 10 yalitoka yakiwa na mitokondria yenye afya, na yakafanya kazi. Ya nyuzi 4 yalikuwa hoi. Kwenye nyuzi 10 yule kijana wa ngalawa ana ubaridi lakini vidole vinakunjika. Anafua maji polepole, na polepole inatosha. Mwaka 2023 wakatoa habari za wagonjwa 70 wa Toronto, Vienna na Madrid, waliopewa mapafu yaliyolazwa nyuzi 10 usiku kucha ili upasuaji ufanyike asubuhi. Matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya wale waliopasuliwa haraka kama zamani. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura kati ya njia hizo mbili, kwa hiyo mwenye kutaka kubisha ana pa kushika. Mimi sibishi sana.

Kuna jambo moja ambalo figo, ini na moyo havina, nalo ndilo linalofanya pafu liwezekane kulala muda huo wote. Pafu linasafiri na hewa yake. Kabla ya kulifunga bomba, linajazwa nusu, kwa hewa yenye oksijeni ya kadiri. Seli zilizo kando ya vifuko zinaendelea kuivuta oksijeni hiyo kidogo kidogo bila kungoja damu. Lisipojazwa linanyauka na kushikamana. Likijazwa kupita kiasi, linachanika, hasa angani. Mliopanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto mmeona pakiti za chipsi zinavyotuna kadiri mnavyoipita Soni. Hewa ya nje inapungua, ya ndani inatanuka. Ndege nayo ni mlima. Pafu lililotuna likiwa ardhini litatuna zaidi likiwa juu, ndani ya kasha, gizani, hakuna anayeliona.

Kuna pia mashine za kulifufua pafu nje ya mwili, likapumua ndani ya kuba la plastiki huku likipitishiwa maji ya moto. Stig Steen wa Lund, Uswidi, ndiye aliyefungua njia hiyo, na mapafu yaliyokuwa yanatupwa kwa mashaka sasa mengine hukaguliwa na kutumika. Hiyo inastahili makala yake, sitaigusa leo.

Baba mdogo aliniuliza kama huko kwetu jambo hili lipo. Nilimwambia figo ipo: Muhimbili walianza Novemba 2017, na Dodoma wakafuata mwaka uliofuata. Lakini figo hizo zinatolewa na ndugu aliye hai, kitanda cha pili, siku iliyopangwa, na barafu yake ni ya mwendo wa dakika chache. Pafu, kwa kawaida, linataka mtu aliyefariki, sheria ya kifo cha ubongo, familia iliyokubali, na ndege. "Na mwenye mapafu?" akauliza. "Mnamfanyia nini?" Nikamwambia kwamba kabla ya kisu, wote waliomo chumbani husimama kimya, na mtu mmoja husoma maneno mafupi ambayo familia imeandika. Akasema vyema. Hakuuliza tena siku hiyo.

Huku hospitalini kwetu, Canada, kasha bado linakuja na barafu iliyopondwa. Linapofika, mifuko inahamishiwa kwenye kabati dogo la umeme lenye kioo, na kwenye kioo kuna namba: 10.0. Mara chache inasoma 10.1, nami nainama kuitazama mpaka irudi. Zamani pafu likifika saa 8 usiku, saa 8 na nusu tulikuwa tumeshaanza, na daktari aliyeshona alikuwa ameamka tangu jana yake. Sasa, mara nyingine, ninazima taa za thieta, ninaacha kabati likinguruma, ninakwenda kulala muda wa saa 4 kwenye kochi.

Wiki iliyopita tulianza saa 1 asubuhi. Daktari alikuja na nywele mbichi, amekula, anatania. Pafu la kwanza lilikuwa limekaa bila damu muda ambao zamani ungetufanya tulitupe. Alipomaliza kushona hakulifungua mara moja. Koleo la mshipa liliachiwa kidogo kidogo, dakika karibu 10, ili damu isiingie kwa kishindo. Pafu lilitoka weupe likaenda kwenye waridi, kuanzia katikati kuelekea kingo. Nilitazama mrija. Ulikuwa mkavu. Mtu wa mashine akasoma oksijeni kwa sauti ya kawaida, daktari akaomba uzi, nami nikaanza kuhesabu vitambaa.